Mbwa Wako Akipotea: Mwongozo Kamili wa Kumtunza, Kumtafuta na Kumrudisha Nyumbani

Karibu kila kundi la WhatsApp la mtaa hapa Dar es Salaam limewahi kupokea tangazo la aina hii: picha imepigwa usiku, mbwa haonekani vizuri, macho tu yanang'aa, na chini yake maneno "Jamani mbwa wangu amepotea, atakayemuona anijulishe." Mtaa haukutajwa. Haijulikani ni dume au jike, ana alama gani, ametoka lini. Watu wanasikitika, wanapita.

Inauma, kwa sababu wengi wa mbwa hawa wangeweza kurudi. Anayerudi mara nyingi ni yule aliyekuwa anajulikana kabla hajapotea: ana namba shingoni, ana kadi ya chanjo, na kijana wa bodaboda pale kona anajua ni wa nyumba gani. Ndiyo maana naanza na siku ambazo mbwa yupo nyumbani. Kama wako ameondoka sasa hivi unaposoma, ruka hadi sehemu ya "Saa ya kwanza". Mengine utayasoma akisharudi.

Naandika kwa mazingira ya miji ya Tanzania. Msomaji wa Kenya, pale ninaposema mwenyekiti wa serikali ya mtaa weka chifu na wazee wa nyumba kumi. Kazi yenyewe ni ile ile.

Hatua ya 1: Mvalishe namba yako ya simu

Kama utafanya jambo moja tu katika haya yote, fanya hili. Mkanda wa shingoni wenye namba ya simu unasomwa na mtu yeyote, bila kifaa chochote, na anakupigia hapo hapo alipo.

Mikanda ya madukani ina urembo mwingi na haina namba. Namba unaiweka mwenyewe. Maka peni juu ya mkanda wa nailoni husomeka kwa muda mfupi, kisha mvua, jasho na vumbi vinaifuta. Mkanda wa ngozi ni mzuri zaidi: mpelekee fundi viatu akuchomee tarakimu kwa msumari wa moto. Kilicho bora kabisa ni kibati. Mafundi wanaochonga mihuri wanaweza kukuchongea namba kwenye kipande cha shaba au alumini. Usikining'inize kwa pete ya funguo, maana hukwama kwenye waya wa uzio na kung'oka. Mwambie fundi viatu akilaze juu ya mkanda na kukibana kwa ribiti mbili, moja kila upande. Andika namba mbili, yako na ya mtu mwingine wa nyumbani, kwa sababu simu yako inaweza kuwa imezima siku hiyo hiyo. Jina la mbwa si lazima liwepo. Mwenye nia mbaya akilijua atalitumia kumwita.

Kuhusu kubana: vidole vyako viwili vipite kati ya mkanda na shingo, visibanwe wala visicheze. Kwa mtoto wa mbwa, pima kila wiki. Anakua haraka kuliko unavyodhani, na mkanda aliovalishwa akiwa na miezi mitatu unaweza kuzama ndani ya nyama akifika sita. Kwa nje huoni kitu, manyoya yamefunika. Unasikia tu harufu, na ukigawanya manyoya unakuta kidonda kimezunguka shingo nzima. Huo ni ukatili hata kama aliyeufanya hakukusudia. Tanzania Bara tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na mnyama wa nyumbani naye inamhusu.

Wenye uwezo waongeze chipu. Ni kitu kidogo mfano wa punje ya mchele, kinachodungwa chini ya ngozi katikati ya mabega na daktari wa mifugo. Ina namba ya tarakimu 15 na hudumu maisha yote ya mbwa, kwa sababu haina betri. Wengi hudhani chipu inaonesha mbwa yuko wapi. Haioneshi. Inatoa namba tu pale inapopitishiwa kisomeo, na namba hiyo haina faida kama haikusajiliwa mahali ikiwa na jina na simu yako. Kwa hiyo siku ya kuweka chipu muulize daktari mambo mawili: namba hii inasajiliwa wapi, na nikibadili simu naibadilishaje huko. Kisha nenda na karatasi yako nyumbani.

Walio na mpango wa kuhamia Ulaya na mbwa wao wazingatie mpangilio: chipu kwanza, chanjo ya kichaa baadaye. Mbwa anayetoka Tanzania au Kenya kwenda nchi za Umoja wa Ulaya hupimwa damu angalau siku 30 baada ya chanjo, halafu husubiri miezi mitatu tangu damu itolewe ndipo asafiri. Chanjo iliyotangulia chipu haihesabiwi, na mtu hujikuta anaanza upya akiwa tayari ameshika tiketi.

Hatua ya 2: Tengeneza faili lake

Hii ni kazi ya jioni moja. Piga picha mchana, nje, mbwa akiwa amesimama: moja ya ubavu wa kulia, moja ya kushoto, moja ya uso kwa karibu. Piga na alama zake: kovu, kidole cheupe, ncha ya mkia iliyokatika, sikio lililolala. Piga pia picha moja ukiwa naye wewe au watoto, kwani hiyo ndiyo ushahidi wako siku mtu akibisha kwamba mbwa ni wake. Picha ya kadi ya chanjo iwe humo humo. Kama ulimnunua, hasa hawa Jamani Shepadi, Rottweiler na Boerboel ambao wezi huwafuata, tunza risiti au hata karatasi ya kuandikishana na muuzaji.

Ziweke mahali ambapo simu ikiibiwa hazipotei. Njia rahisi ni kujitumia mwenyewe kwa barua pepe, au kumtumia ndugu.

Hatua ya 3: Chanjo, na kwa nini inahusika na kupotea

Mbwa mgeni akiingia mtaani, swali la kwanza la watu ni kama ana kichaa. Jibu likikosekana, mawe yanaokotwa. Na hofu hiyo ina msingi: kichaa cha mbwa kikishaonesha dalili kwa binadamu ni kifo, karibu bila ubaguzi. Shirika la Afya Duniani hukadiria kinaua watu wapatao 59,000 kwa mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na takribani wanne kati ya kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Karibu wote walipata virusi kutoka kwa mbwa.

Chanjo ya kichaa hutolewa mbwa akifikisha miezi mitatu, kisha kila mwaka. Tofauti na hiyo kuna chanjo ya mseto inayokinga Parvo, distempa na magonjwa mengine. Hiyo huanza akiwa na wiki sita hadi nane na kurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne hadi afikishe miezi minne hivi. Parvo inaua vitoto vya mbwa kwa kuhara damu na kutapika ndani ya siku chache, na nyumba iliyopatwa hubaki na virusi ardhini kwa miezi, kwa hiyo usikimbilie kuleta kitoto kingine. Dawa ya minyoo kwa mbwa mkubwa ni kila miezi mitatu. Kupe waondoe kabla hawajajaa. Wanaambukiza magonjwa ya damu yanayomdhoofisha mbwa hadi fizi zinakuwa nyeupe.

Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Karibu na tarehe hiyo halmashauri nyingi huendesha kampeni za chanjo, kwa hiyo muulize mapema afisa mifugo wa kata yako. Wataalamu husisitiza asilimia 70 ya mbwa wa eneo wachanjwe ili ugonjwa ukose pa kupita, na hilo limeonekana hapa kwetu. Pemba walitokomeza kichaa mwaka 2014 kwa kuchanja mbwa. Mwaka 2016 kikarudi kwa kuletwa kutoka nje ya kisiwa. Wakachanja tena, na 2018 kikatoweka. Ukisafirisha mbwa kwa basi au boti bila chanjo, kumbuka Pemba.

Hatua ya 4: Mfanye ajulikane mtaani

Sehemu hii haiandikwi kwenye vitabu vya daktari, na mimi naiona ndiyo kiini cha mambo yote. Mbwa anayefungwa nyuma ya nyumba mwaka mzima, akifunguliwa usiku tu, hakuna jirani anayemjua. Siku akitoka, yeye haujui mtaa wala mtaa haumjui.

Mtembeze kwa kamba, mara kwa mara, asubuhi au jioni, njia zile zile. Pita dukani, pita kijiwe cha bodaboda, pita kwa mama ntilie na kwa muuza nyama. Salimia. Mtaje jina lake. Watoto wakiuliza kama anauma, wajibu vizuri na uwafundishe wasimkimbize mbwa wala kumsogelea anapokula au akiwa na vitoto. Mlinzi wa geti la jirani, huyu anayekesha macho akiona kila kinachopita, awe na namba yako ya simu.

Sasa, pwani yetu ina majirani wengi Waislamu, na wengi wetu ni Waislamu wenyewe. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi ukanda huu, mate ya mbwa ni najisi nzito inayooshwa mara saba, moja kwa udongo. Mtu mwenye udhu anayekwenda msikitini hataki mbwa amguse kanzu, na ana haki. Mfupishie mbwa kamba unapopishana na watu, usimpitishe mlangoni mwa msikiti saa za sala, na usimwache alambe vyombo au kuingia ua wa mwenzio. Dini hiyo hiyo inaruhusu mbwa wa ulinzi, wa kuwinda na wa kuchunga, na inafundisha malipo ya kumnywesha mbwa mwenye kiu. Nimeona wazee waliokuwa hawataki hata kumsikia mbwa wakipiga simu kusema "mbwa wenu yuko huku kwetu chini ya mwembe," kwa sababu tu mwenye mbwa alikuwa anawaheshimu. Kinyesi cha mbwa wako kiokote. Hakuna kinachomchukiza jirani haraka kama hicho.

Hatua ya 5: Ziba sababu za kutoroka

Mbwa hatoroki bure. Ukijua sababu utaziba njia, na akitoka utajua uanzie wapi kutafuta.

Dume asiyehasiwa hufuata harufu ya jike. Jike huingia kwenye joto karibu kila miezi sita, kwa wiki tatu hivi, na madume ya mbali humfuata usiku kucha, wakichimba chini ya uzio na kuruka kuta ambazo hujawahi kuwaona wakiziruka. Kumhasi dume na kufunga uzazi wa jike ndiyo dawa. Watu husema mbwa aliyehasiwa halindi tena. Atalinda, maana kulinda kunatokana na kulijua eneo lake. Kama hutaki kumfunga uzazi, jike akae ndani kabisa wiki zile tatu. Mimba ni siku 63 hivi, na vitoto wanaotupwa kwenye viroba kando ya dampo walianza na geti lililoachwa wazi usiku mmoja.

Njaa ni sababu nyingine. Mbwa anayekula ukoko na mifupa mitupu atakwenda buchani na jalalani, na huko ndiko kwenye sumu na magari. Ugali na dagaa, au ugali na utumbo uliochemshwa, mara mbili kwa siku, ni chakula cha kutosha kwa mbwa mkubwa, pamoja na maji safi muda wote. Lakini angalia unga. Mahindi yaliyoota ukungu, yale ambayo familia imeyakataa na mtu akasema "wape mbwa," yana sumukuvu, na mbwa ni miongoni mwa wanyama inaowadhuru haraka sana: ini linaharibika, macho na fizi vinageuka njano, anakufa. Vitunguu, chokoleti na zabibu navyo usimpe. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha kali vinavyoweza kutoboa utumbo.

Radi na fataki humfanya mbwa akimbie bila kujua anakokwenda. Mkesha wa Mwaka Mpya mwingize chumbani kabla ya saa tatu usiku, funga madirisha, washa redio, na mkanda wenye namba uwe shingoni.

Mwisho ni kuhama nyumba. Wiki mbili za kwanza usimwachie kabisa. Ataelekea nyumba ya zamani, hata kama iko upande wa pili wa mji.

Na geti. Mkubaliane nyumba nzima, pamoja na dada wa kazi na kijana wa bustani, kwamba anayefungua geti la gari anamwangalia mbwa kwanza yuko wapi.

Saa ya kwanza

Ukigundua hayupo, hakikisha kwanza ndani: chini ya vitanda, stoo, nyuma ya tangi, ndani ya gari, kwenye mtaro. Mbwa aliyeogopa radi huweza kulala kimya mita tano kutoka kwako akikusikia unaita.

Kisha mgawane. Mtu mmoja abaki nyumbani, geti likiwa wazi na chakula kikiwa pale pale anapolishwa siku zote, kwa sababu wengi hurudi wenyewe. Wengine watoke kwa miguu, kila mmoja na upande wake, wakifuata njia za matembezi yake ya kila siku. Pikipiki tumieni baadaye. Kwa miguu unamwona aliyejificha chini ya kibanda, na unazungumza na watu.

Waulizeni walinzi, bodaboda, wauza magenge na watoto. Watoto waulizwe kwa makini, wao wanaona mbwa wote. Kila unayemuuliza mwachie namba ya simu, sema wazi kwamba amechanjwa, na uombe asipigwe.

Ukimwona, usimkimbilie. Hili watu hulikosea kwa furaha. Mbwa aliyelala nje usiku mmoja kwa woga anaweza asikutambue, na ukimkimbiza atavuka barabara. Simama, kaa chini au chuchumaa ukimpa ubavu, usimkazie macho, ongea kwa sauti ile unayotumia wakati wa chakula. Tupa kipande cha nyama karibu naye, halafu karibu nawe. Ukiwa na mbwa mwingine wa nyumbani aliyefungwa kamba, njoo naye. Mara nyingi huyo ndiye atakayemleta.

Siku ya kwanza hadi ya tatu

Toa taarifa kwa mjumbe wa shina na ofisi ya serikali ya mtaa, na muombe mwenyekiti aulize pia mitaa ya jirani. Nenda kwa afisa mifugo wa kata. Huyu ana umuhimu wa pekee: mbwa waliouma au kuonekana wanazurura huripotiwa kwake, na kama halmashauri ina mpango wa kuua mbwa wazururaji siku hizo, yeye atajua. Zoezi hilo halisubiri mwenye mbwa ajitokeze. Zunguka kliniki zote za mifugo za karibu ukiacha tangazo, kwani mtu aliyemgonga mbwa kwa gari humpeleka huko. Nairobi, piga au nenda KSPCA. Chama hicho cha kulinda wanyama kina hifadhi ya mbwa waliookotwa. Kama unaamini ameibwa, nenda polisi na faili lako na uchukue namba ya taarifa.

Tafuta alfajiri, kabla magari hayajaanza, na usiku kuanzia saa nne mji ukitulia. Saa hizo mbwa aliyejificha hutoka kutafuta maji na chakula. Tembea na tochi. Macho yake yatakujibu. Pita buchani, machinjioni, dampo, kando ya mto au mfereji, nyumba ambazo hazijaisha kujengwa. Pale alipoonekana mara ya mwisho acha fulana uliyoivaa au kanga ya mtu anayemlisha, pamoja na maji, urudi kila baada ya saa chache.

Usikate tamaa siku ya tatu. Mbwa huweza kukaa kwenye kichaka kimoja wiki nzima.

Tangazo linalofanya kazi

Picha moja ya mchana, na maandishi mafupi. Mfano:

*AMEPOTEA MBWA. Jike, kahawia, kimo cha kati, miguu ya mbele myeupe, sikio la kushoto limelala. Mkanda mwekundu. Ametoka Jumamosi saa mbili usiku, Tabata Segerea, jirani na kituo cha daladala. Amechanjwa. Ni mwoga, TAFADHALI USIMKIMBIZE, piga simu tu hata kama ni usiku: 07… / 06… Zawadi ipo.*

Zingatia kilichoachwa. Alama moja umeificha makusudi, labda kovu tumboni au kidole cha nyuma kilichokatika. Hiyo ndiyo itakayokuonesha anayekupigia kama kweli anaye. Kiasi cha zawadi hakijatajwa, kwa sababu fedha nyingi ikitajwa huvuta wezi, na mtu mwenye tamaa anaweza kumficha mbwa akingoja dau lipande.

Chapisha za karatasi pia. Mama wa genge na mlinzi wa usiku huenda hawamo kwenye kundi lenu. Bandika kwa ruhusa dukani, stendi, kwenye vibao vya ofisi ya mtaa. Kwenye makundi ya simu andika tarehe, maana tangazo husambazwa hata miezi sita baadaye.

Watapiga matapeli. Atasema mbwa yuko naye, ameumia, yuko kwa daktari Kibaha au Morogoro, tuma hela ya matibabu au nauli kwenye namba hii. Muombe picha ya sasa hivi, mbwa akiwa pembeni ya kitu utakachokitaja wewe, kwa mfano ndoo au kandambili. Muulize ile alama uliyoificha. Usitume hata shilingi kabla hujamwona mbwa kwa macho, na ukienda kumchukua nenda na mtu, mchana, mkutane mahali penye watu. Aliyemtunza kwa kweli mpe kifuta jasho na umshukuru mbele ya watu.

Ukiokota mbwa wa mtu

Mwangalie kwa mbali kwanza. Anayeyumba, anayetokwa udenda mwingi, aliyelegea taya, anayeuma fito na mawe hovyo au aliyebadilika sauti, usimguse. Watoe watoto na mpigie afisa mifugo. Angalia sana huyu wa taya lililolegea. Anaonekana kama amekwamwa na mfupa kooni, na watu wema huingiza mkono kuutoa. Inaweza kuwa ni kichaa cha kimya, na mate yake yakigusa mkwaruzo mdogo tu yanatosha.

Akikuuma, au mate yakiingia kwenye kidonda, osha hapo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Usipake mafuta ya taa, pilipili wala majani. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, upate chanjo, na umalize sindano zote kwa tarehe ulizopangiwa. Mbwa aliyeuma asiuawe haraka kama anaweza kufungiwa salama: huangaliwa siku 10, na akiwa mzima siku zote hizo, mate yake hayakuwa na virusi siku aliyouma.

Kama mbwa ni mtulivu, mpe maji, mfungie mahali penye kivuli mbali na mbwa wako, soma shingo. Hakuna namba? Mpeleke kliniki yenye kisomeo cha chipu. Mtangaze, lakini usitaje kila alama. Mwenyewe ndiye akutajie. Akija mtu, omba picha za zamani na kadi ya chanjo, halafu mtazame mbwa anapomsikia. Mbwa mchafu, aliyekonda, mwenye woga si lazima awe ametupwa au anateswa na mwenyewe; wiki mbili za barabarani zinatosha kumfanya hivyo. Mpe mwenyewe nafasi ya kupatikana kabla hujamgawa, na mjulishe mjumbe kwamba uko naye, usije ukaitwa mwizi.

Akirudi

Usimpige. Akipigwa kwa kurudi, mara nyingine hatarudi.

Mpe maji kidogo kidogo, chakula laini kidogo, kisha mkague akiwa ametulia: nyayo, katikati ya vidole, masikio, chini ya mkia, kupe. Kama ana jeraha la kung'atwa, mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo na useme alikuwa nje siku ngapi. Hata mbwa aliyechanjwa huongezewa chanjo ya kichaa akiwa ameng'atwa na mnyama asiyejulikana. Jike ambaye hajafungwa uzazi, hesabu tarehe na mwambie daktari mapema.

Siku hiyo hiyo tafuta alikotokea, uzibe. Bandua matangazo uliyobandika, andika kwenye kila kundi kwamba amepatikana ili watu wasiendelee kusambaza, na wapigie waliokusaidia mmoja mmoja, kuanzia yule mlinzi na wale vijana wa bodaboda. Kesho yake asubuhi mtoe kwa kamba, mpitie kwao wamuone.